Mkaguzi na Mwenyeji Wake: Jinsi Usimamizi wa Mafuta ya Marekani Ulivyooza

Rushwa katika sekta ya mafuta huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mambo ya mawaziri, mabegi ya fedha na akaunti za siri katika benki za ng'ambo, na kwa nchi kadhaa zenye mafuta picha hiyo ina ukweli mwingi. Ipo hata hivyo rushwa ya namna nyingine, isiyo na kishindo, inayowapata maofisa wa ngazi ya kati waliokabidhiwa kazi ya kupima mafuta yaliyochimbwa, kuhesabu fedha zinazostahili kuingia hazina, na kukagua mitambo ili isije ikaua watu au kuchafua bahari. Maofisa hao huitwa wadhibiti, kwa maana ya watu waliopewa na sheria mamlaka ya kuiruhusu, kuichunguza na kuiadhibu biashara fulani kwa niaba ya umma. Kisa kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingi vya aina hii ni cha Marekani, katika idara iliyoitwa Minerals Management Service, kwa kifupi MMS, ambayo iliundwa mwaka 1982 na kuvunjwa kabla haijatimiza miaka 30. Kisa hicho kina mafunzo kwa msomaji wa nchi yoyote kwa sababu kilitokea mahali ambapo sheria za maadili zilikuwapo, bunge lilikuwa na uwezo wa kuhoji, magazeti yalikuwa huru, na maofisa wenyewe walikuwa wakilipwa mishahara ya kutosha kuishi.

Idara hiyo ilikuwa chini ya wizara ambayo jina lake linaweza kumchanganya msomaji wa Afrika Mashariki. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani haihusiki na polisi wala uhamiaji, kwani kazi yake ni kuwa msimamizi wa mali ya asili ya taifa, ikiwemo ardhi ya serikali kuu, mbuga, maji, madini, na sakafu ya bahari kuanzia mwisho wa eneo la majimbo, ambalo kwa majimbo mengi huishia maili 3 za baharini kutoka pwani, hadi umbali wa maili 200. Katika sakafu hiyo, hasa upande wa Ghuba ya Meksiko, serikali hugawa vitalu na kuvikodisha kwa mnada, na kampuni inayoshinda hulipa kwanza fedha za kushinda mnada, kisha kodi ya kila mwaka, na mafuta yakishaanza kutoka hulipa mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya kila pipa linalouzwa ambayo mwenye mali hubaki nayo. Kwa muda mrefu mrabaha wa visima vya kina kirefu ulikuwa asilimia 12.5, na kufikia mwaka 2008 vitalu vipya vilitozwa asilimia 18.75, hivyo kwamba pipa likiuzwa kwa dola 80 sehemu ya umma ilipanda kutoka dola 10 hadi dola 15.

Hesabu hiyo ni nyepesi kwenye karatasi na ngumu baharini. Anayejua ni mapipa mangapi yametoka na yameuzwa kwa bei gani ni kampuni yenyewe, na serikali hupokea taarifa iliyoandikwa na mdaiwa kuhusu deni lake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kwamba mafuta yalikuwa yakiibwa waziwazi katika ardhi za serikali na za wenyeji asilia, hasa katika eneo la Wind River jimboni Wyoming, na tume iliyoongozwa na David Linowes ikaeleza mwaka 1982 kwamba ukusanyaji wa mrabaha ulitegemea uaminifu wa walipaji. Jibu la waziri wa wakati huo, James Watt, lilikuwa kuunda MMS. Kwa hiyo idara iliyokuja kujulikana kwa kashfa ilizaliwa ikiwa dawa ya wizi.

Kasoro ilikuwa katika muundo wake. MMS ilipewa kukodisha vitalu, kukusanya fedha zake, na pia kukagua usalama wa visima na mitambo katika vitalu hivyohivyo. Mapato yaliyopitia mikononi mwake, ambayo katika baadhi ya miaka yalizidi dola bilioni 10, yaliifanya kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za serikali kuu nje ya kodi za kawaida, na kila mwanasiasa aliyeitazama aliiona kwanza kama kisima cha fedha. Mkaguzi anayesimamisha uchimbaji kwa sababu ya kasoro ya vali huikosesha kampuni mapato, na papo hapo huikosesha idara yake mwenyewe mrabaha ambao wakubwa wake hupimwa nao. Mgongano wa maslahi, ambao kwa kawaida hutafutwa katika mfuko wa mtu binafsi, hapa ulikuwa umeandikwa katika amri iliyoianzisha ofisi.

Mgongano huo ulikomaa pale serikali ilipoamua kuwa mfanyabiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya miaka mingi ya kesi na malumbano na kampuni kuhusu bei halisi ya mafuta, MMS ilianza kujaribu utaratibu wa kupokea mrabaha kwa bidhaa. Badala ya kampuni kuuza mapipa yote na kuipa serikali fedha, iliipa serikali mapipa yake, na ofisi ndogo iliyokuwa karibu na mji wa Denver, Colorado, ikayauza sokoni. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya busara, kwani mtu aliyeshika mafuta yake mkononi hana haja ya kubishana na mwingine juu ya bei aliyoyauzia. Lakini ofisi hiyo ilianza kuuza mafuta ya umma yenye thamani ya mabilioni ya dola kwa kampuni zilezile ambazo idara yake ilipaswa kuzikagua, na watumishi wake, waliokuwa kama 55 tu, walianza kujihesabu kuwa wafanyabiashara wa mafuta ambao mshahara wao umetokea tu kutoka serikalini.

Ripoti iliyotolewa Septemba 2008 na Mkaguzi Mkuu wa wizara, Earl Devaney, ilieleza yaliyofuata. Mkaguzi Mkuu katika mfumo wa Marekani ni ofisa aliyewekwa ndani ya kila wizara kuichunguza wizara hiyo, akiwa na wajibu wa kutoa taarifa kwa waziri na kwa Bunge pia, na Devaney, aliyewahi kuwa ofisa wa kikosi cha usalama cha Secret Service, hakuwa mtu wa kupaka maneno asali. Kati ya mwaka 2002 na 2006, watumishi 19 wa ofisi ya Colorado, yaani karibu theluthi moja, walipokea zawadi kutoka kwa kampuni walizofanya nazo biashara, zikiwemo Shell, Chevron, Hess na Gary-Williams. Wawili kati yao walipokea takrima hizo mara zisizopungua 135. Ripoti ilitaja milo, vinywaji, michezo ya gofu, safari za kuteleza kwenye theluji, tiketi za mpira na za tamasha la muziki, na ikaenda mbali zaidi kutaja matumizi ya dawa za kulevya na mahusiano ya kimapenzi kati ya watumishi na watu wa kampuni. Magazeti, kama ilivyotarajiwa, yaliyashika hayo ya mwisho na kuyaacha mengine.

Inafaa kukaa kidogo kwenye zawadi zenyewe, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na mafuta yaliyokuwa yakiuzwa. Kanuni ya maadili ya watumishi wa serikali kuu ya Marekani humruhusu mtumishi kupokea kitu kisichozidi dola 20 kwa mara moja, na kisichozidi dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtoaji mmoja, na watumishi wa Colorado waliijua. Walipohojiwa, walieleza kwamba kazi yao ilikuwa ya sokoni, kwamba habari za soko hupatikana mezani na kwenye viwanja vya gofu, na kwamba kanuni zilizotungwa kwa ajili ya makarani hazikuwafaa wao. Watanzania wamewahi kuusikia utetezi wa namna hiyo. Marekebisho ya sheria za uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima ya mgombea kwa wapiga kura kwa hoja kwamba ukarimu ni desturi, na ilibidi Mahakama Kuu iyafute mwaka 2006 kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha mpaka ulipo kati ya ukarimu na kununua kura. Ugumu ni uleule Colorado na Dodoma: sahani moja ya chakula haimnunui mtu, na anayealikwa mara mia hawezi tena kusema ni sahani ipi iliyomgeuza.

Dalili kwamba kulikuwa na kitu kilichogeuka zilipatikana katika zabuni. Wachunguzi walipopitia mauzo ya mafuta ya miaka mitano waligundua kwamba ofisi iliruhusu wanunuzi kubadilisha zabuni zao baada ya kuzishinda, na kwamba mabadiliko hayo, yaliyofanyika zaidi ya mara 100, karibu yote yaliinufaisha kampuni na kuipunja serikali. Hasara iliyokadiriwa ilikuwa kama dola milioni 4.4. Uchunguzi wenyewe, uliodumu zaidi ya miaka miwili na kuhusisha mahojiano na mashahidi zaidi ya 200, uligharimu dola zaidi ya milioni 5, na wakosoaji hawakukosa kulitaja hilo. Kulikuwa pia na mpango wa wazi zaidi, ambapo ofisa mmoja aliandika masharti ya mkataba wa ushauri akiwa bado kazini, akastaafu, kisha kampuni yake ikaupata mkataba huohuo. Yeye na mwenzake aliyehusika naye walikiri makosa mahakamani, lakini kwa yale makubwa zaidi ya ripoti, na kwa wakubwa waliotajwa, waendesha mashtaka waliamua kutofungua kesi.

Uamuzi huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa na sababu katika sheria. Kosa la hongo linahitaji ushahidi kwamba kitu kilitolewa ili tendo fulani la kiofisi litendeke, na ukarimu uliotawanywa kwa miaka minne hauambatani na tendo moja. Wizara hiyohiyo ilikuwa imeonyesha ugumu huo karibu miaka 80 kabla, katika kashfa ya Teapot Dome, ambapo waziri Albert Fall alizikodisha kwa siri akiba za mafuta zilizotengwa kwa jeshi la majini, ile ya Teapot Dome jimboni Wyoming kwa Harry Sinclair na ile ya Elk Hills jimboni California kwa Edward Doheny. Mahakama ilimtia Fall hatiani mwaka 1929 kwa kupokea dola 100,000 kutoka kwa Doheny, naye akawa waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa kosa alilolitenda akiwa madarakani, ilhali Doheny aliposhtakiwa kwa kutoa fedha zilezile aliachiwa huru. Ikiwa begi la noti taslimu lilimfunga mpokeaji na kumwacha mtoaji, si ajabu kwamba tiketi za mpira zilishindwa kumfikisha yeyote kizimbani.

Hasara kubwa kuliko zote iliyopitia MMS haikuhusu zawadi kabisa, na kwa sababu hiyo hukumbukwa kidogo. Mwaka 1995, bei ya mafuta ikiwa chini ya dola 20 kwa pipa, Bunge lilipitisha sheria ya kuzisamehe mrabaha kampuni ambazo zingethubutu kuchimba katika kina kirefu cha Ghuba ya Meksiko. Mikataba iliyofuata ilikuwa na kifungu kwamba bei ikipanda kupita kiwango fulani msamaha unakoma, lakini katika mikataba ya mwaka 1998 na 1999 kifungu hicho kiliachwa. Bei ilipopanda, kampuni ziliendelea kuchimba bila kulipa mrabaha, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kwamba hasara ingeweza kufikia dola bilioni 10. Uchunguzi haukukuta ushahidi wa hongo. Ulichokuta ni maofisa walioligundua kosa mwaka 2000 na kukaa kimya kwa miaka mingine sita, kila mmoja akimtaja mwenzake. Kama hilo si rushwa kwa tafsiri ya sheria, ni vigumu kusema linatofautianaje nayo kwa mwananchi ambaye fedha zake zimepotea, maana ofisi iliyokuwa na bidii ya kuwaridhisha walipaji haikuwa na bidii ileile ya kuwadai.

Waliojaribu kudai hawakufurahiwa. Mkaguzi mmoja wa hesabu wa MMS aligundua kwamba kampuni ya Kerr-McGee ililipa mrabaha pungufu, akaambiwa na wakubwa wake aliache jambo hilo, na hatimaye akaenda mahakamani kwa kutumia sheria ya tangu enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe inayomruhusu raia kuishtaki kampuni kwa niaba ya serikali. Baraza la wazee wa mahakama mjini Denver lilikubaliana naye mwaka 2007 kwamba kampuni ilipunja dola milioni 7.5. Wakati huo nafasi yake ya kazi ilikuwa imekwisha kufutwa, na kesi yenyewe iliendelea kuvutana katika ngazi za rufaa kwa miaka.

Upande wa ukaguzi wa usalama ulikuwa na sura yake. Ripoti nyingine, iliyotolewa Mei 2010, ilihusu ofisi ya wilaya ya Lake Charles katika jimbo la Louisiana, ambako wakaguzi husafiri kwa helikopta hadi kwenye mitambo ya baharini wakiwa na orodha ndefu ya vitu vya kukagua. Huko nako kulikuwa na zawadi, zikiwemo safari za uwindaji na uvuvi, na safari ya mwaka 2005 ya kwenda Atlanta kutazama timu ya chuo kikuu cha jimbo hilo ikicheza katika mchezo wa Peach Bowl. Jambo zito zaidi lilikuwa la karatasi: mashahidi walieleza kwamba wakaguzi wengine waliwaachia wafanyakazi wa kampuni kujaza fomu za ukaguzi kwa penseli, kisha wao wakapitisha kalamu ya wino juu ya maandishi hayo. Mkaguzi mmoja alifanya kaguzi nne kwenye mitambo ya kampuni iliyokuwa ikijadiliana naye kumwajiri, na hakuona kasoro hata moja.

Msimamizi wa wilaya hiyo aliwapa wachunguzi maelezo ambayo, ukiyaondoa machungu yake, yana ukweli wa kijamii. Alieleza kwamba watumishi wake karibu wote wametoka katika sekta hiyohiyo ya mafuta na katika miji hiyohiyo, wamesoma na kukua pamoja na watu wanaowakagua, na urafiki wao ulianza kabla hawajaajiriwa na serikali. Ukanda ule wa pwani una mwajiri mmoja mkubwa, ambaye ni mafuta, na mtu anayejua kuutazama mtambo na kutambua kasoro amejifunza ujuzi huo kwa kuufanyia kazi. Serikali ililipa mshahara mdogo kuliko kampuni, hivyo kijana mwenye ujuzi alipita serikalini akielekea kampuni, na mzee alirudi serikalini akitafuta utulivu. Yeyote anayezijua ofisi za wilaya za Afrika Mashariki, ambako mkaguzi wa vipimo na mwenye kituo cha mafuta huswali msikiti mmoja au huimba kwaya moja, hatashangazwa na hali hiyo, wala hataona kwamba kuwafukuza watu wachache kunaiondoa.

Ripoti ya Lake Charles ilitoka wakati dunia nzima ikitazama mahali pengine katika ghuba ileile. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kisima cha Macondo kwa niaba ya kampuni ya BP, ulilipuka na kuua watu 11, na mafuta yakamwagika kwa siku 87 kabla ya kisima kuzibwa. Serikali ilikadiria kwamba yalitoka mapipa milioni 4.9, sawa na karibu lita milioni 780. Kisima hicho kilisimamiwa na wilaya ya New Orleans, na hakuna ushahidi kwamba tiketi ya mpira au samaki aliyevuliwa kwa gharama za kampuni ndiye aliyesababisha mlipuko. Lazima hilo lisemwe wazi, kwa sababu masimulizi mengi yameunganisha kashfa hizo mbili kama mtu na kivuli chake. Kilichounganisha Colorado, Lake Charles na Macondo ni mazoea ya kuichukulia kampuni kuwa ndiyo ijuayo.

Mazoea hayo yanaonekana katika karatasi za Macondo zenyewe. Aprili 2009 MMS ilikiondoa kisima hicho katika takwa la tathmini kamili ya mazingira kwa hoja kwamba uwezekano wa umwagikaji mkubwa ulikuwa mdogo. Mpango wa BP wa kukabiliana na umwagikaji katika ghuba, ambao MMS iliuidhinisha, uliorodhesha miongoni mwa viumbe wa kulindwa walrasi, mnyama mkubwa mwenye meno kama pembe anayeishi katika bahari za barafu za kaskazini na ambaye hajapata kuonekana katika maji ya joto ya Louisiana, na ulimtaja kama mtaalamu wa kupigiwa simu mwanasayansi aliyekuwa amefariki mwaka 2005. Bunge lilipoitisha mipango ya kampuni nyingine kubwa, walrasi walikutwa humo pia. Mtu aweza kucheka, lakini kicheko hicho kina maana moja tu kwa upande wa udhibiti: mipango ilinakiliwa na kugongwa muhuri na watu ambao hawakuisoma.

Zito kuliko walrasi lilikuwa suala la kizuia mlipuko, ambacho ni rundo la vali nzito linalowekwa juu ya mdomo wa kisima chini ya bahari ili, shinikizo likizidi, visu vyake vikate bomba na kukifunga kisima. Kanuni ziliitaka kampuni kuthibitisha kwamba visu hivyo vinaweza kulikata bomba linalotumika. Mhandisi wa MMS aliyeidhinisha kibali cha Macondo aliueleza uchunguzi wa mlipuko huo, Mei 2010, kwamba hakuwahi kuuomba uthibitisho huo. Ofisa mwingine aliulizwa na nahodha wa walinzi wa pwani ikiwa ni kweli kwamba kifaa hicho husanifiwa kwa viwango vya wenye sekta, hutengenezwa na wenye sekta na hufungwa na wenye sekta, bila serikali kushuhudia, naye akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Viwango hivyo viliandikwa na American Petroleum Institute, chama cha kampuni za mafuta ambacho ni mtungaji wa kanuni za kiufundi na wakati huohuo ni mshawishi wa wabunge. MMS ilivichukua vingi na kuviingiza katika kanuni zake kwa kuwa haikuwa na wahandisi wa kutunga vyake. Teknolojia ilikuwa imeingia kwenye kina cha zaidi ya mita 1,500, lakini bajeti ya idara haikuingia nayo, na wakaguzi wapatao 60 walitakiwa kuhudumia mitambo inayokaribia 3,500 katika ghuba. Mwaka 1991 idara ilipendekeza kanuni ya kuilazimisha kila kampuni kuwa na mfumo wa maandishi wa kusimamia hatari, kampuni zikapinga na kuahidi kujisimamia kwa hiari, na kanuni hiyo haikuwa ya lazima hadi Oktoba 2010, watu 11 wakiwa wamekwisha kufa.

Nchi nyingine za mafuta zilikuwa zimelipia somo hilo mapema. Mtambo wa Piper Alpha ulipoungua katika Bahari ya Kaskazini Julai 1988 na kuua watu 167, jaji Cullen, aliyekichunguza kisa hicho, alipendekeza kwamba usalama utolewe katika wizara ya nishati, ambayo kazi yake ilikuwa kuhimiza uchimbaji, na Uingereza ikauhamishia katika mamlaka ya afya na usalama kazini. Norwei nayo ilitenga mamlaka ya usalama wa petroli mwaka 2004. Serikali ya Marekani ilichukua njia hiyo baada ya Macondo: waziri Ken Salazar, ambaye alikuwa tayari ametangaza mwaka 2009 kuufunga mpango wa kuuza mafuta wa Colorado, aliamuru Mei 2010 kwamba MMS igawanywe. Ukusanyaji wa mapato uliwekwa peke yake Oktoba 2010, na mwaka mmoja baadaye ukodishaji wa vitalu ukatenganishwa na ukaguzi wa usalama. Kanuni mpya ilimzuia mkaguzi kukagua mitambo ya mwajiri wake wa zamani kwa miaka miwili, na ikamtaka atangaze ndugu na marafiki alio nao katika kampuni.

Fikra hiyo ya kutenganisha imeingia katika sheria za Afrika Mashariki kwa njia zake. Nchini Tanzania, shirika la umma la petroli, TPDC, lilikuwa kwa miaka mingi mshirika wa kampuni za utafutaji katika mikataba na pia jicho la serikali juu ya kampuni hizo, mpaka Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilipoliacha kuwa kampuni ya taifa na kuanzisha mamlaka mpya, PURA, kudhibiti mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji, huku EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikibaki na usafirishaji na uuzaji. Uganda iliitenga mamlaka yake ya petroli na kampuni yake ya taifa kwa sheria ya mwaka 2013. Kilichobaki kigumu ni kile kilichoishinda Lake Charles: katika nchi yenye wahandisi wachache wa petroli, wanaomdhibiti mwekezaji na wanaoajiriwa naye wametoka katika madarasa yaleyale, wakati mwingine kwa ufadhili wa kampuni zilezile.

Marekani yenyewe haijatulia. Mwaka 2016 ofisi mpya ya usalama ilitoa kanuni kali kuhusu udhibiti wa visima na vizuia mlipuko, ikidai miongoni mwa mengine kwamba vifaa vithibitishwe na taasisi zilizokubaliwa na serikali. Chama cha wenye kampuni kilieleza kwamba gharama zilikuwa kubwa mno, na mwaka 2019, chini ya utawala mwingine, takwa hilo la kibali cha serikali liliondolewa pamoja na mengine kadhaa. Mwaka 2023 sehemu ya masharti yaliyolegezwa ilirudishwa. Hatua zote tatu zilifuata taratibu, rasimu zilichapishwa, maoni ya umma yalipokelewa, na hakuna aliyehitaji kumpeleka mtu yeyote Atlanta kutazama mpira.